Somo la Sumaku Lisiishie Mezani

Katika vilima vya Geita dira huweza kupotoka, kwa kuwa miamba ya huko ina matabaka ya chuma chenye usumaku. Dhahabu nyingi imepatikana katika matabaka hayo na kandokando yake. Ndiyo sababu watafiti wa madini hupima uga wa sumaku. Lakini kipimo hicho hakitegemei mwamba peke yake. Chombo kimoja huachwa mahali pamoja siku nzima ili kionyeshe mabadiliko yanayotoka angani, nayo huondolewa katika hesabu. Siku ya dhoruba ya sumaku, kazi husimamishwa.

Chanzo cha dhoruba hizo ni Jua, lililo umbali wa kilometa milioni 150. Je, mwanafunzi wa Geita asifundishwe jambo hilo? Huenda ikasemwa kwamba ni la vyuo vikuu. Sivyo.

Mwalimu na aweke sumaku mbili chini ya karatasi, ncha zisizofanana zikitazamana, kisha anyunyize unga wa chuma. Mistari itaonekana ikitoka sumaku moja hadi nyingine. Ageuze sumaku moja, anyunyize tena: mistari imeachana, na kila sumaku ina yake. Mistari hiyo si nyuzi. Ni njia ya kuonyesha mwelekeo wa uga. Hata hivyo mpango wake umebadilika.

Hewani badiliko hilo hutokea bila kishindo. Katika korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, mambo ni mengine. Joto la huko hupita nyuzi milioni moja, na gesi yake ni plazima, ipitishayo umeme vizuri mno. Plazima na uga huchukuana pamoja, hivyo mpango wa mistari hukataa kubadilika. Uso wa Jua unapochemka, uga husokotwa na nishati hulimbikizwa. Hatimaye mielekeo inayopingana hubanwa katika tabaka jembamba. Hapo mistari huungana upya, na nishati hufumuka ghafla. Plazima ikirushwa kuelekea Dunia, huweza kuzusha dhoruba, kama ile ya Machi 1989 iliyozima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada.

Shule isiyo na unga wa chuma yaweza kutumia mchanga mweusi unaonaswa na sumaku, mradi usichukuliwe mahali palipotumika zebaki. Kijana anayeishi juu ya miamba hiyo anastahili kuelewa kinachopimwa na wageni wenye vyombo.