TAHARIRI: Si kila 'apdeti' ni ya kubonyezwa

KIJANA wa Merigi akitaka kuomba mkopo wa HELB, kuchagua kozi katika mtandao wa KUCCPS au kutazama mechi ya Jumamosi, ana simu yake au kompyuta ya saiba. Popote atakapoingilia, kero ni ile ile. Kabla hajafika anakokwenda, vijitangazo vinamrukia usoni: simu yako ina virusi, umeshinda zawadi, 'apdeti' sasa hivi la sivyo video haitacheza.

Wengi wanalijibu jambo hili kinyumenyume. Wanazima masasisho ya kweli ili kuokoa bando, kisha wanabonyeza yale ya uongo ili tangazo liwaondokee haraka. Ni kama kumfungia fundi mlango huku mwizi akikaribishwa chai.

Brauza yoyote, iwe Chrome, Firefox au Opera, hugunduliwa nyufa mara kwa mara, na walioitengeneza hutoa toleo jipya la kuziziba. Kwenye simu ya Android toleo hilo hupitia Play Store. Kwenye kompyuta, Chrome na Firefox hujisasisha zenyewe, wewe unafunga tu na kufungua upya. Tovuti ya kandanda au ya muziki haina kazi ya kukuletea sasisho la brauza. Ikikwambia upakue kitu ndipo uone video, toka hapo mbio.

Chukua mfano wa Flash Player. Zamani video na michezo mingi ya mtandaoni haingecheza bila programu-jalizi hiyo. Adobe ilikoma kuihudumia Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikazuia maudhui ya Flash yasicheze kabisa. Kwa hivyo anayekwambia leo u-apdeti Flash anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna wale wanaolalamika kwamba masasisho yanakula data. Ni kweli, na bando si bure. Lakini hulazimiki kusasisha kila kitu. Weka Play Store isasishe kwa Wi-Fi pekee, na ukiwa na MB chache, anza na brauza pamoja na programu zenye pesa zako. Hizo arifa zisizokoma pia zinakula bando, tena bila kukuletea faida yoyote.

Na arifa zenyewe hazikuji kwa uchawi. Tovuti haiwezi kukutumia arifa kupitia brauza mpaka uiruhusu. Ndiyo maana matapeli hukwambia ubonyeze 'Ruhusu' eti kuthibitisha wewe si roboti. Ukibonyeza tu, umewapa mlango, na matangazo yatakufuata hata baada ya kuifunga tovuti hiyo. Wengine hudhani simu imeingiwa na virusi, wakamlipa fundi aifute yote, picha na namba zikapotea. Mara nyingi shida ilikuwa ruhusa moja tu.

Kuiondoa ni kazi ya dakika moja. Fungua Chrome, bonyeza nukta tatu zilizo juu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Tovuti zote ulizoruhusu zitajipanga hapo. Zile usizozijua, zuia.

Kwenye kompyuta kuna jambo jingine: viendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyopachikwa kwenye brauza. Hivi hujisasisha kimyakimya, na mwenyewe akiviuza, mnunuzi anaweza kupitisha chochote. Ndivyo ilivyokuwa kwa The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa na wengi. Kilibadilisha mikono mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Funzo ni kwamba kiendelezi usichokitumia hakifai kubaki hapo.

Wenye saiba nao wasijitoe. Kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku. Ruhusa aliyotoa mteja wa asubuhi humwangukia mteja wa jioni, ambaye pengine anaandika namba ya kitambulisho au nywila ya KRA. Kabla ya kufungua biashara, mwenye saiba apitie orodha ya arifa na viendelezi, kama vile anavyofagia sakafu. Walimu wa kompyuta pia waanze na mambo haya, maana mwanafunzi atakutana nayo siku ya kwanza mtandaoni.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kuondoa idhini aliyotoa kuhusu data zake wakati wowote. Tuwe na tabia hiyo hiyo kwenye simu zetu: kuruhusu jana hakukufungi leo.

Vijana wana jukumu kubwa zaidi kwa sababu katika boma nyingi wao ndio mafundi. Simu ya mama inayopokea pesa za majani chai kwa M-Pesa ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia mdogo wako kutafuta katuni. Basi jioni ya leo, ukimaliza yako, iombe hiyo simu ya mama. Sasisha brauza, kagua arifa, kisha mwonyeshe naye namna ya kukataa.