SIHA YA MWILI: Maumivu ya Kinena Si Mshipa Sikuzote



Mwezi huu twataka kusema juu ya maradhi ambayo aghalabu hupewa jina lisilo lake. Kijana aumwapo kinena, hasa ainukapo baada ya kukaa kitako muda mrefu, nyumbani huambiwa, "Ni mshipa huo." Basi huitwa mkandaji, paja likavutwa na kupindwa, na kijana akazidi kuchechemea. Ngiri ipo, wala hatuikanushi. Lakini mara nyingi ngiri huonyesha uvimbe, hasa mtu akohoapo au ainuapo mzigo. Uvimbe usipoonekana, yafaa nyonga nayo itazamwe.

Mwenyezi Mungu ameiumba nyonga kwa hekima kubwa. Kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo kama mpira, kimeingia katika kikombe cha mfupa. Ukingo wa kikombe hicho umezungukwa na pete ya gegedu, mfano wa ngata aitiayo mwanamke kichwani chini ya mtungi. Pete hii hukiongeza kikombe kina, na huuzuia ute ulainishao kiungo usitoke. Pete hii ndiyo ipasukayo.

Sababu zake ni nyingi: kuanguka, ajali ya gari, kugeuka ghafula katika mpira hali mguu umekanyaga, na kuchakaa kwa umri. Wengine kikombe chao hakina kina tangu utotoni. Tena wako walioota kinundu cha mfupa karibu na kichwa cha paja, au ukingo wa kikombe chao umezidi, hata wakichutama mifupa hugongana na kuibana pete. Jambo hili la mwisho lilifafanuliwa mwaka 2003 na Daktari Reinhold Ganz wa Bern, Uswisi, pamoja na wenzake.

Dalili zake ni maumivu ya ndani kinenani, nyonga kulia "ko!" au kukwama, na uchungu katika kukaa, kupanda ngazi na kugeuka. Sisi walimu wa chuoni twawaona vijana wasioweza kukunja miguu mkekani, nao hukemewa kuwa hawana adabu. Kabla ya kukemea, na waulizwe wanaumwa wapi.

Daktari huanza kwa kuukunja na kuuzungusha mguu kwa upole, kisha huagiza eksirei kutazama mifupa. Gegedu lenyewe huonekana kwa picha ya sumaku iitwayo MRI. Lakini picha peke yake si hukumu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, watu 45 wasioumwa nyonga kabisa walipigwa picha hiyo, na 69 katika kila mia walionekana wana mpasuko. Kwa hiyo hutibiwa mtu na maumivu yake, wala haitibiwi picha.

Pete hii hupata damu kidogo, na kwa hivyo si rahisi ijiunge yenyewe. Hata hivyo wengi hupata nafuu bila ya kisu. Kwanza, aache kwa muda yale yanayomwumiza: kuchutama, mpira, na viti vya chini mno. Pili, atumie dawa za maumivu kwa shauri la daktari, maana baadhi yake hudhuru tumbo na figo zikizidi. Tatu, na hili ndilo kubwa, afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli ya makalio, tumbo na mapaja chini ya mtaalamu wa viungo, kwa wiki nyingi bila ya kukata tamaa. Isipofaa, kuna upasuaji wa matundu madogo, ambao pete hushonwa na kinundu huchongwa. Katika Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 uliwalinganisha watu 348 wenye mifupa inayogongana: waliopasuliwa na waliopewa mazoezi wote walipata nafuu, ila waliopasuliwa walizidi kidogo baada ya mwaka mmoja. Na aliyepasuliwa naye hana budi kufanya mazoezi kwa miezi.

Katika ibada, sheria haimkalifishi mgonjwa. Asiyeweza kusimama na asali kwa kukaa, na anayeumizwa na kusujudu na akae kitini aashirie kwa kichwa. Asione haya, wala jirani asimcheke.

Lakini mtoto au kijana achechemeaye, mwenye homa pamoja na maumivu ya nyonga, asiyeweza kuukanyagia mguu, au mwenye ugonjwa wa selimundu, apelekwe hospitali siku ile ile. Huenda yakawa maradhi mengine yanayokiharibu kiungo upesi.

Enyi wazazi, nyonga ya mwanao itambeba maisha yake yote. Msiitie mikononi mwa mvutaji kabla ya kujua ina nini.