Mchezo wa Reli na Deni la Harusi



Leo tuna neno na mabibi harusi, na mama zao pia. Kabla hujakopa hata shilingi moja kwa ajili ya ukumbi, sare au picha, tafuta siku moja ukae chini ucheze mchezo wa Railroad Tycoon. Tumeucheza sana hapa Mpanda, sisi kina mama wa cherehani, na tunaona unalieleza deni vizuri kuliko nasaha nyingi tunazopewa kwenye singo na hina.

Kwa wasioujua: Railroad Tycoon ulianza kama mchezo wa kompyuta mwaka 1990, kazi ya Sid Meier na kampuni ya MicroProse. Mwaka 2005 kampuni ya Eagle Games ikautoa kama mchezo wa mezani, uliotungwa na Martin Wallace na Glenn Drover. Toleo la baadaye linaitwa Railways of the World. Inatandazwa ramani kubwa ya mashariki ya Marekani, na kwenye miji vinawekwa vibao vidogo vya rangi, ndiyo shehena. Unajenga reli, unabeba kibao chekundu hadi mji mwekundu, cha buluu hadi mji wa buluu. Kila mzigo ukifika, kipato chako kinapanda.

Huku Katavi hatuhitaji maelezo marefu ya mchezo kama huo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Mpanda haikuwa na reli hadi Waingereza walipochepusha tawi kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200, kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa hata kabla ya Uhuru. Reli ikabaki, shehena iliyoileta ikaisha. Kwenye mchezo ni vivyo hivyo: mji ukimaliza vibao vyake unawekewa alama kuwa ni mtupu, na aliyejenga reli ndefu kuufuata anabaki na reli yake. Mji wetu umepata riziki nyingine, kwa mahindi, mpunga, tumbaku na asali, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa. Lakini aliyekopa kwa kutegemea risasi asingengojewa na mdai mpaka mahindi yakomae.

Hapo ndipo penye somo letu. Mchezo unaanza huna hata senti. Ili ujenge reli ya kwanza lazima uchukue karatasi ya hisa. Karatasi moja inakupa 5,000. Lakini kila raundi, mpaka mchezo uishe, unailipia 1,000. Huwezi kuirudisha, hata ukitajirika. Na mwisho wa mchezo kila karatasi inakupunguzia pointi moja.

Piga hesabu. Baada ya raundi 5 umeshalipa 5,000, yaani kiasi kile kile ulichopewa, na karatasi bado iko mbele yako. Mchezo ukifika raundi 10, umelipa mara mbili. Uliyechukua karatasi 6 unatoa 6,000 kila raundi, uwe umepata au hukupata. Na hakuna anayekuzuia: karatasi inachukuliwa wakati wowote. Tumeona wanawake wenye akili zao dukani wakichukua mbili za ziada ili tu washinde mnada wa nani aanze raundi. Mnada ukiisha, sifa zinaisha. Ile 1,000 inabaki.

Dada zetu, mambo haya hamuyajui? Mnada wa nani aanze ndio mashindano yetu ya harusi. Fulani kafanya ukumbi, na sisi tufanye ukumbi. Fulani kavaa magauni matatu, na sisi matatu. Sisi tunaoshona ndio tunaofaidika na magauni hayo, wala hatulikatai hilo. Lakini tunawaona pia wateja wanaomaliza kulipia gauni kwa fedha ya mkopo wa kausha damu, na miezi miwili baadaye wanarudi kuuliza kama tunaweza kuwauzia gauni lile lile. Bibi harusi hajamaliza kuosha hina mikononi, mkusanyaji yuko mlangoni. Mume hajui. Ndoa inaanza na siri, na siri ya fedha ni mbaya ndani ya nyumba.

Jambo jingine lililotugusa ni jina. Mchezo unaziita karatasi zile hisa. Hisa tunazijua: ukipata faida, mshirika wako anachukua fungu lake, ukipata hasara, naye anapata hasara. Karatasi ya mchezo haiko hivyo. Inadai 1,000 yake iwe umesafirisha mizigo kumi au hukusafirisha hata mmoja. Jina ni hisa, kitu chenyewe ni mkopo wa ziada iliyopangwa tangu mwanzo. Na mtaani nako majina ni mengi: ada ya fomu, gharama ya uendeshaji, faini ya kuchelewa. Chukua mfano tu: ukipewa laki tano ukatakiwa kurudisha laki sita na nusu baada ya mwezi, ile laki na nusu hata ikiitwa asante inabaki kuwa riba. Katika Surat al-Baqara, aya ya 275, Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na kuiharamisha riba, na aya ya 280 inatuelekeza tumpe muda mdaiwa aliye katika dhiki. Kausha damu akikukuta katika dhiki anakuongezea faini.

Sasa wapo watakaouliza, na wana haki kuuliza: kama ni riba, kwa nini tunawaambia watu wacheze? Sisi si wanazuoni, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Tunachosema ni hivi. Tunaujua mkazo wa hadithi aliyoipokea Imam Muslim juu ya mchezo wa nardi, na wengi wa wanazuoni wanakataza michezo ya dadu. Mchezo huu hauna dadu. Hatuwekeani fedha ya kweli, hatuuchezi ukatupita wakati wa sala, na hakuna anayetoka mezani amekula mali ya mwenzake. Karatasi zile ni mfano, kama mwalimu anavyochora nyoka ubaoni ili mtoto amkimbie nyoka wa kweli.

Hata hivyo hatukuuacha kama ulivyo. Kwanza tunaucheza kama ulivyoandikwa, ili kila mtu auone uzito wa ile 1,000. Kisha tunaucheza mara ya pili kwa kanuni yetu: hakuna karatasi. Kila mmoja anaanza na mtaji mdogo, na anayetaka zaidi atafute mshirika mezani. Mshirika anatoa fedha, wanakubaliana mafungu, na reli ile isipobeba mzigo raundi hiyo, hakuna anayemdai mwenzake. Ndiyo musharaka, ile tunayoisikia darsani. Mchezo unakwenda polepole zaidi, na reli zinakuwa fupi mwanzoni. Lakini watu wanaulizana maswali ambayo kwenye karatasi hakuna anayeyauliza: reli hii inakwenda wapi? Mzigo upo? Ukiisha tutafanya nini? Mtu anayeweka fedha yake kwenye hatari pamoja na yako hukuuliza. Anayejua atalipwa kwa vyovyote hana haja ya kuuliza.

Boksi lenyewe ni ghali na si rahisi kulipata. Wala lisiwazuie. Kata kitambaa cheupe, chora Reli ya Kati, Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma, na tawi la Kaliua mpaka Mpanda. Tumieni kunde, choroko na maharage kuwa shehena. Karatasi za deni ziandikeni kwa mkono, na bibi harusi mwenyewe ndiye aziandike.

Tena njia za halali zipo nje ya meza. Upatu tunaujua sote, na bara wanasema kabisa "kucheza mchezo": unatoa chako, unapokea chako, bila ziada. Huku bara sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Hiyo ni ya biashara, si ya ukumbi, lakini mwenye kikundi cha ushonaji au mapishi asiende kwa kausha damu kabla hajabisha hodi kwa afisa maendeleo ya jamii. Na njia nyepesi kuliko zote ni kupunguza harusi. Nikaha haihitaji ukumbi. Walima ni sunna, na unafaa kwa kiasi cha uwezo.

Ombi letu ni kwa masomo, wale wanaomkalisha bibi harusi ndani. Mnamfundisha usafi, mapishi, ulimi mwema na heshima ya mumewe, na Mwenyezi Mungu awalipe. Ongezeni siku moja ya hesabu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga na deni ndani ya sala yake. Mwari anayefundishwa kila kitu isipokuwa deni ameachiwa mlango mmoja wazi, nao ndio mwizi wa ndoa anaopitia.

Wabillahi tawfiq.