Sakafu Mbili Zinapokutana

Je, nyumbani kwako vigae vya jikoni vinakutana na sakafu ya mbao ya sebuleni? Kwangu, fundi alijaza saruji kwenye mpaka huo. Masika yalipofika mbao zilivimba, saruji ikapasuka, na binti yangu akajikwaa hapo akiwa amebeba chai ya moto. Tunashukuru, ilimwagika pembeni.

Mbao hutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa kiangazi, lakini vigae havisogei. Kwa hiyo mwambie fundi aache nafasi ya milimita 10 hivi kati ya vigae na mbao, kisha aifunike kwa ukanda wa alumini au wa mbao ngumu. Skrubu zipite katika nafasi hiyo na kushika zege la chini, zisizibane mbao za sakafu. Ikiwa upande mmoja umeinuka, chagua ukanda wenye mteremko. Mpaka ukiwa mlangoni, ukanda ukae chini ya mlango uliofungwa.

Kabla ya kumlipa fundi, vua viatu upitishe unyayo hapo polepole. Usipokwaruzwa wala kujikwaa, na watoto watapita salama.