Ladha ya Japani Imo Jikoni Mkokoni, Tusiifuate kwenye Chupa

Sinia la vitafunio katika harusi za pwani linajulikana hata kabla ya kawa kufunuliwa: sambusa, katlesi, bajia, kababu, na visheti kwa wapenda tamu. Siku hizi mapishi yanayozunguka kwenye simu yanatuletea kingine: vipande vidogo vya unga wa tabaka, vinavyofura motoni na kuvunjika mdomoni, ndani mna kamba au jodari aliyekolezwa Kijapani, juu mmenyunyizwa ufuta. Ni kitu kitamu, na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na orodha ya manunuzi inayokitangulia: paketi la unga uliogandishwa, sosi ya soya, rojo la soya liitwalo miso, divai tamu ya kupikia iitwayo mirini, karatasi za mwani wa nori. Kwa mama wa Mkokoni, kijiji cha wavuvi wa Kibajuni katika kaunti ya Lamu, kilichoko bara kuelekeana na Kiwayu, orodha hiyo ni mlango uliofungwa. Unga uliogandishwa ukisafirishwa kutoka Mombasa, kisha ukapakiwa mashua, utafika ni uji. Lakini ukiitazama vizuri, utaona kwamba karibu kila kinachokifanya chakula hicho kiwe cha Kijapani kipo Lamu tayari, na kwamba kikipikwa kwa vitu vya hapo hakitakuwa na upungufu.

Tuanze na ufuta, au simsim kama wengi wanavyouita. Wajapani huutia karibu katika kila kitu, na zaidi ya asilimia 99 ya ufuta wanaoutumia hutoka nchi za nje, Tanzania ikiwa miongoni mwa wauzaji wake. Kaunti ya Lamu nayo hulima ufuta. Biashara hii ina umri: katika karne ya 19 Wafaransa walinunua ufuta wa pwani yetu kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni vya Marseille, wakati ambapo vinu vilivyozungushwa na ngamia vilikuwa vikikamua mafuta yake hapa hapa pwani. Ngamia wamekwisha, punje bado zinaondoka katika magunia. Zinaturudia katika vichupa vidogo vya mafuta ya ufuta uliokaangwa, kwa bei ambayo mkulima hawezi kuitambua kuwa ni ya jasho lake. Kumbe kinachovitofautisha vichupa hivyo na gunia ni kikaango: kaanga ufuta mkavu kwa moto mdogo mpaka ubadilike rangi na kuanza kurukaruka, uutwange kinuni ungali moto, na harufu ile ya mkahawa wa Kijapani itakujaa jikoni.

Ladha nzito inayobaki ulimini nayo haina siri. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda aligundua kwamba utamu wa supu ya mwani wa kombu unatokana na glutamati, na mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akaonyesha kwamba jodari mkavu anayeitwa katsuobushi ana kitu kingine, inosinati, ambacho kikikutana na cha kwanza ladha huzidi maradufu. Sasa tazama jiko la Kibajuni. Ng'onda ni samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa juani. Hafanani kabisa na katsuobushi, maana yule hupikwa na kufukizwa moshi kwanza, lakini msingi ni uleule wa kumpunguzia samaki maji mpaka ladha yake isongamane. Nyanya ina glutamati. Ng'onda aliyerowekwa, akachambuliwa na kukaangwa na nyanya mpaka zikauke, pamoja na tangawizi, ufuta uliotwangwa na ukwaju kidogo, hahitaji miso. Kuhusu nori sitabishana: hatuna. Mwani unaolimwa Kibuyuni, kaunti ya Kwale, ni wa jamii nyingine, unaokaushwa na kusafirishwa kwenda viwandani, na asije mtu akautandaza juu ya unga akitarajia miujiza.

Kinachowatisha wengi ni unga wenyewe, na hapo ndipo tunapojidharau bure. Mpishi wa Kifaransa huweka siagi katikati ya unga, akaukunja sehemu tatu na kuusukuma, akarudia kazi hiyo mara sita, akapata tabaka 729. Mwanamke wa pwani anayepika chapati husukuma donge, akalipaka mafuta, akalikunja au kulizungusha kama konokono, akaliacha lipumzike, kisha akalisukuma tena. Majirani wa Kisomali ng'ambo ya Kiunga hufanya hivyohivyo kwa sabaayad. Kanuni ni moja: mafuta hutenganisha tabaka, maji yaliyomo katika unga yakigeuka mvuke huzisukuma juu. Tofauti kubwa ni joto. Siagi huanza kulegea kabla hata ya kufika nyuzi 30, na Mkokoni nyuzi hizo ni za kawaida, kwa hiyo bila friji itayeyuka na kuingia ndani ya unga badala ya kukaa kati ya tabaka. Mafuta magumu ya kupikia, yale ya kopo, hustahimili zaidi. Ufanye kazi hiyo baada ya alfajiri kabla jua halijapanda, usukume kwa mkono mwepesi, uukunje sehemu tatu mara nne tu (hizo ni tabaka 81, na zinatosha), uupumzishe chini ya kitambaa kibichi kila baada ya kukunja. Kata miraba ya kutosha tonge moja, weka kijiko kidogo cha mchanganyiko uliopoa kabisa, kwa maana ulio moto huyeyusha mafuta na ulio majimaji hulowesha kitako. Bana, paka yai, nyunyiza ufuta. Tanuri si lazima. Sufuria nzito yenye makaa chini na mengine juu ya mfuniko, kama wanavyooka mkate wa sinia, yatosha, mradi makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuiga, na kwamba sambusa inatutosha. Lakini hiyo sambusa ilitufikia kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi, na katlesi ni ya Waingereza iliyopitia mikononi mwa Wahindi. Japani yenyewe haikupona: tempura, inayoonekana leo kuwa ndiyo Japani halisi, ilitokana na Wareno waliofika huko mwaka 1543. Ni Wareno hao hao walioiteketeza Faza, mji wa hapa Lamu, mwaka 1587. Sisi walituachia magofu, wenzetu wakapata namna ya kukaanga kamba. Viwanda vya Japani navyo vilichapa leso kwa ajili ya soko letu katika karne iliyopita, na hakuna bibi aliyekataa kujifunga leso kwa sababu hiyo.

Pingamizi la halali ni zito zaidi, na wenye kulitaja wana haki. Mirini ya asili ina kilevi cha takriban asilimia 14, na sosi ya soya iliyochachushwa kiasili huwa nacho kidogo. Zipo sosi zenye alama ya halali, lakini mpishi anayetumia ukwaju, sukari na chumvi hana haja ya kusoma maandishi ya chupa, wala mgeni wake hana haja ya kuuliza.

Liko jambo moja ambalo sitaki lipite kimya, hasa kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi na kumla samaki mbichi kama Wajapani. Jodari akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na moto wa kupikia hauiondoi. Pasipo barafu, tumia pweza au kamba wa siku ileile, au ng'onda. Usibahatishe na jodari wa jana.

Na kina mama wa Mkokoni wakivipika vitafunio hivi kwa kuuza, nani atanunua? Watalii walipungua sana upande wa Kiwayu tangu Septemba 2011, mgeni alipouawa na mkewe kutekwa nyara, na kijiji chao, kilichoko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, kingali kinauza kamba wake wazimawazima kwa mawakala. Ndiyo maana simtazami mtalii kwanza. Mnunuzi wa karibu ni mwenye harusi. Msimu wa arusi za Mfungo Mosi unapokuja, wenye shughuli Mkokoni, Kizingitini na Amu wawaagize kina mama sinia moja la vitafunio hivi, walipe bei ya sambusa za kamba bila kuomba punguzo, na waweke karibu na katlesi. Wageni wataamua wenyewe.