Sisi Siyo Samurai Wenu



Wiki tatu sasa kikundi chetu kina mabishano, na yote yameletwa na sungura. Siyo yule Sungura mjanja wa hadithi za bibi, anayemzungusha Fisi mpaka kunakucha. Huyu anaitwa Miyamoto Usagi. Ni samurai asiye na bwana, anatembea kwa miguu katika Japani ya miaka ya 1600 na kitu, masikio yake ameyafunga juu kama nywele za mashujaa wa wakati ule. Mchoraji wake ni Stan Sakai. Alianza kumtoa mwaka 1984 na hajamaliza mpaka leo: zaidi ya vitabu 30, na vingi ni vya wino mweusi tu kwenye karatasi nyeupe.

Sisi tuliletewa vitano. Ni vya Kiingereza, kwa hiyo anayekijua anasoma kwa sauti, wengine tunafuata picha. Tumevipenda. Tuseme hilo mapema, mtu asije akadhani tunamchukia sungura wa watu.

Kisha ikaja warsha. Mwezeshaji wetu ni mtu mzuri, tena anatujua kwa majina. Akasema: "Mmeona? Huyu ni kama ninyi. Hana nyumbani lakini hakati tamaa." Akatuomba tuchore ukuta wa jengo la vijana kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Tujichore sisi wenyewe kama samurai, panga mbili kiunoni, barabara ndefu mbele yetu. Rangi zipo, brashi zipo.

Tumesema hapana. Na kwa sababu tumeshaambiwa hatuna shukrani, basi tujieleze.

Kwanza, Usagi anatembea kwa sababu ameamua. Ni kweli alipoteza. Bwana wake, Mifune, aliuawa vitani uwanda wa Adachi baada ya jemadari wake mmoja kumgeuka katikati ya mapigano. Hapo tunamwelewa sana. Kati yetu wapo waliotoka pande za Fizi na Uvira, wengine Makamba, na hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya kugeukwa na mtu mliyekuwa mnakula naye. Lakini angalia kinachofuata. Usagi anaiita safari yake musha shugyo, yaani hija ya mpiganaji ya kujinoa mwili na roho. Ana marafiki wakubwa. Kwa Bwana Noriyuki wa ukoo wa Geishu anapokelewa kama mgeni wa heshima, anakula, analala, anaheshimiwa. Halafu asubuhi anavaa kofia yake ya majani na kurudi barabarani.

Jamani, nani kati yetu amewahi kukaribishwa moja kwa moja mahali akajibu, "asante, ngoja nitembee kidogo"? Sisi hatuko kwenye hija. Wengi wetu hata hatutembei. Tumekaa. Wapo waliozaliwa hapa, wamesoma hapa, wamezikia wazazi wao hapa. Mtu aliyekaa sehemu moja miaka kumi na tano mkimwita msafiri, mnamwambia kwa adabu kwamba bado hajafika.

Pili, zile panga mbili. Kwenye picha zinapendeza, lakini wakati ule zilikuwa pia kitambulisho. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wote wanyang'anywe silaha. Mwaka 1591 akatoa amri nyingine: askari asigeuke mkulima, na mkulima asiache shamba lake akafuate biashara au kibarua. Baadaye watawala wa ukoo wa Tokugawa wakaweka vizuizi kwenye barabara kuu. Kile cha Hakone kilikuwa maarufu kwa kuwakagua wanawake, na mwanamke bila karatasi ya ruhusa hapiti.

Sasa rudi kwenye katuni uangalie vizuri. Usagi anapita vijiji vingi. Nani amebaki kijijini? Mkulima, mjane, mtoto, mzee mwenye duka la tambi. Majambazi wakija, hao ndio wanaopigwa. Kuna hadithi ambayo kijiji kizima kimetekwa, watu wanavunishwa mazao yao wenyewe ili yaibwe. Na Sakai ana mtindo wake: mtu akifa, kinamtoka kifuvu kidogo cha kuchekesha, kama pumzi ya mwisho. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na vifuvu sita.

Tulipofika hapo mmoja wetu akafunga kitabu, akasema: "Sisi ndio wale wa nyuma ya picha." Tukanyamaza wote. Ni kweli. Kama lazima tujitafute kwenye hizo kurasa, sisi siyo yule mwenye panga anayepita kizuizini. Sisi ni yule anayeulizwa karatasi. Ukitaka kwenda mjini kununua cherehani, kwanza kibali. Kibali kikichelewa, cherehani inanunuliwa na mwingine. Samurai hajawahi kusimama kwenye foleni hiyo.

Tatu, na hili ndilo linatuuma zaidi. Mnatuambia samurai yule ni mfano wa kuvumilia. Lakini hao waliopoteza mabwana, walioitwa ronini, walitokea wapi? Hawakuota kama uyoga. Tokugawa Ieyasu aliposhinda vita ya Sekigahara mwaka 1600, mabwana wengi wa upande ulioshindwa walinyang'anywa ardhi. Miaka iliyofuata ikaendelea hivyo hivyo. Ilikuwepo sheria kwamba bwana asiye na mrithi haruhusiwi kuasili mtoto akiwa kitandani anakufa. Akifa hivyo, ukoo unafutwa na ardhi inachukuliwa. Wapiganaji wake wanaamka asubuhi hawana posho, hawana nyumba, hawana kazi. Maelfu kwa maelfu wakatupwa barabarani, kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa mbali.

Na serikali iliwatazama vipi? Kama tatizo la usalama. Watu wa kufukuzwa mjini. Mwaka 1651 baadhi yao, wakiongozwa na Yui Shosetsu, walipanga kuipindua serikali. Njama ikagunduliwa, wakafa. Hatusifu njama, tusieleweke vibaya. Tunachosema ni kilichofuata: mwaka ule ule watawala walilegeza ile sheria ya kuasili, ili koo zisifutwe ovyo na ronini wapya wasiendelee kutengenezwa.

Someni tena hapo, ndugu zetu wa mashirika. Hawakupunguza ronini kwa kuwafanyia semina ya uvumilivu. Walibadilisha sheria. Aliyefanywa mhamaji kwa kalamu hawezi kutulizwa kwa brashi.

Tunajua jibu mtakalotupa, kwa sababu hata ndani ya kikundi lipo. Kaka mmoja alituambia: "Bora niwe samurai ukutani kuliko kuwa namba kwenye kadi ya mgao." Hatumcheki. Sisi wote tumeshawahi kupigwa picha tukiwa tumeshika sahani. Ukizoea kuchorwa kama tumbo lenye njaa, mtu akikuchora na upanga unaona umepanda cheo. Lakini kaka, angalia wanavyokupandisha. Jana ulikuwa mtu wa kuhurumiwa, leo wewe ni shujaa. Ukiwa wa kuhurumiwa unapewa kidogo. Ukiwa shujaa unaambiwa unaweza mwenyewe, hata hicho kidogo kinaweza kupungua. Katikati ya hao wawili kuna mtu wa kawaida, mwenye ufundi wake na madai yake, na huyo hakuna aliyeombwa kumchora.

Ajabu ni kwamba Sakai mwenyewe amemchora. Kuna hadithi yake ya tiara. Unafungua ukitegemea mapanga, unakutana na fundi. Mianzi, fremu, karatasi, rangi, kamba, tiara moja kubwa ajabu. Hatua kwa hatua, bila haraka, Usagi anangojea zamu yake. Pengine anaanza na mhunzi anayefua upanga, vivyo hivyo. Mtu aliyechora vita miaka yote hii anasimamisha vita ili uone mikono ya mtu inavyofanya kazi. Tulizisoma kurasa hizo mara mbili. Aliyekuwa anatafsiri akawa hana kazi, picha zilijieleza zenyewe.

Na mjue kitu kimoja kuhusu Sakai. Alizaliwa Kyoto mwaka 1953, akaondoka bado mdogo sana, akakulia Hawaii. Hakuwa mkimbizi, hatutamfanya mkimbizi kwa nguvu. Lakini nchi anayoichora ameijenga kwa kusoma, kuuliza na kuchimba, kwa sababu aliona inastahili kuchorwa sawasawa, mpaka fundo la kamba.

Hicho ndicho tunachokitaka ukutani. Mama wa mmoja wetu alikuwa anaanika dagaa kando ya Ziwa Tanganyika. Anajua saa ya kuwageuza, anajua mchanga upi unawaharibu, anajua kwa harufu kama mvua inakuja. Baba wa mwingine alivua usiku kwa taa za karabai, anaweza kukueleza wavu unavyoshushwa ukiwa umefumba macho. Kuna babu hapa block yetu anayejua kuchonga mtumbwi, na tangu afike hakuna aliyemuuliza, maana kwenye fomu yake ya ujuzi kisanduku cha mtumbwi hakipo. Akifa bila kuulizwa, ni kifuvu kidogo kwenye kona ya picha, na ukurasa unafunuliwa.

Kwa hiyo hatukukataa rangi, tulikataa panga. Tupeni ukuta ule ule na brashi zile zile. Tutachora mtumbwi kuanzia gogo mpaka unapoingia majini, na babu atasimama pale kutusahihisha. Siku ya tarehe 20 wageni wakija wasisome neno lolote kuhusu uvumilivu. Wamuulize babu jinsi mti unavyochaguliwa.

Na wakishamaliza kumsikiliza, tunawaomba wajibu swali moja tu, bila hotuba: mtu mwenye ufundi huu, anahitaji kibali cha nini ili aufanye?

Kwa vijana wenzetu wanaojiita maronini kwenye majina yao ya mtandaoni: endeleeni, jina ni zuri na hatuwakatazi. Ila mkumbuke ronini aliitwa hivyo kwa alichopokonywa. Ninyi mna mikono, na mikono ina majina yake: fundi cherehani, mvuvi, msusi, mwashi, mwalimu. Vitabu bado vipo kwetu. Jumamosi tunaendelea na cha tatu, na babu amesema atakuja.