Seli za Saratani Zinapokomaa

Tumezoea kuifikiria saratani kama adui asiyesikia neno, ambaye hana dawa ila kukatwa, kuchomwa au kupewa sumu. Seli za uvimbe wa kondo la nyuma zatufundisha kwamba fikira hiyo ina upungufu.

Mnamo mwaka 1968, Roland Pattillo na George Gey walitangaza huko Marekani kwamba wamefaulu kukuza katika maabara seli za saratani ya kondo, nazo zikaendelea kutoa homoni ya ujauzito. Seli hizo, ziitwazo BeWo, zikiachwa hivi hivi huzidi kugawanyika, kila moja na kiini chake. Lakini zikitiwa forskolini, dawa itokayo katika mizizi ya mmea uotao India na hata Afrika Mashariki, huungana na kuwa tabaka moja lenye viini vingi, mfano wa lile lifunikalo kondo la mimba ya kawaida. Zikishaungana hivyo, viini vyake havigawanyiki tena, ilhali homoni huongezeka.

Basi seli hizi hazikusahau kazi yake, zilikwama utotoni. Methotreksati, dawa iliyoanza kuwaponya wanawake wenye saratani hii mwaka 1956, nayo ilionekana katika maabara mwaka 1979 kuwa huzikomaza seli za BeWo.

Watakuwapo wasemao kwamba chombo cha maabara si mwili wa mama. Ni kweli, na asiwepo atakayeuza matumaini kwa jina la majaribio haya. Hata hivyo, mwaka 1988 madaktari wa Shanghai walieleza jinsi walivyowatibu wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu kwa kuzikomaza seli zao. Kwa hiyo njia ya kukomaza si ndoto, na yastahili kupewa fedha na vijana wa kuitafiti, sambamba na njia ya kuua.

Liko na funzo la leo. Ikiwa seli iliyokomaa hutoa homoni nyingi zaidi, kipimo kimoja cha damu hakiwezi kueleza yote. Mama aliyepata mimba zabibu hana budi kupimwa mara kwa mara mpaka daktari aridhike. Ni wajibu wetu kuona kwamba kipimo hicho hakimpiti kwa sababu ya umbali au umaskini.